Hesabu za moli: nizidishe au nigawanye? Nshachoka kubahatisha

mchuma_karafuu
Assalaam alaykum wana jukwaa. Mie niko fom foo huku Pemba, mtihani ushafika mlangoni, na kemia yote naipenda isipokuwa pahala pamoja tu, hesabu za moli. Sio kwamba sijui moli ni nini, najua, ni kama dazeni tu ila dazeni yenyewe kubwa mno, shida yangu ni kwamba nikishapewa namba zangu mbili tatu nazitizama tu, sijui nizidishe au nigawanye. Basi nabahatisha. Nikipatia alhamdulillah, nikikosa nageuza upande wa pili.

Suali lililonitoa usingizi hili hapa. Gramu 5.3 za sodiamu kaboneti zimeyeyushwa kwenye maji mpaka ikafika cm³ 250. Zikachukuliwa cm³ 25 za hiyo solusheni zikafanyiwa titresheni, yaani kutiliwa asidi ya haidrokloriki kidogo kidogo mpaka kaboneti ikaisha, asidi iliyotumika ni cm³ 20. Tafuta molariti ya asidi. (Na 23, C 12, O 16)

Mie nimefanya hivi: uzito wa moli moja ni 106, kwa hiyo 5.3 × 106 = 561.8 moli. Nikagawa kwa 250 nikapata 2.2472, nikazidisha 25 ikaja 56.18, nikagawa kwa 20 nikapata 2.809. Nyuma ya kitabu wameandika 0.5!! Nimerudia mara tatu na kalkuleta nzima. Nimekosea wapi jamani?

pweza_wa_nungwi
Wa alaykum salaam. Dogo usijitese, chora pembetatu. Juu weka gramu, chini kushoto moli, chini kulia uzito wa moli. Unachotaka kifunike na kidole. Ukifunika moli inabaki gramu juu ya uzito wa moli, basi gawa. Sie tulipita hivyo hivyo na tukapata B.

maalim_mstaafu
Mwanangu mchuma karafuu, nimesomesha kemia miaka mingi huku Unguja na suali lako nimelisikia kila mwaka, tena kwa wanafunzi wazuri, kwa hivyo usijione mjinga. Nataka nikuulize kitu kimoja tu. Umeandika 5.3 × 106 = 561.8. Hizo 561.8 ni za nini?

Utanijibu ni moli. Sio moli. 5.3 ni gramu, na 106 ni gramu kwa kila moli moja. Ukizidisha gramu mara gramu kwa moli unapata gramu mraba kwa moli, mnyama ambaye hajawahi kuonekana baharini wala nchi kavu. Kalkuleta haiwezi kukwambia hayo maana kalkuleta haijui gramu wala moli, inajua namba tu, wewe ndo ulitakiwa uzibebe yuniti zako mkononi na wewe ndo umeziacha njiani.

Na tizama jengine. Gramu 5.3 ni kama kijiko cha chai cha unga. Lakini moli 561.8 za sodiamu kaboneti zina uzito wa gramu 59,551 yaani karibu kilo 60. Kijiko kimekuwa gunia! Hapo hata kama hujui kemia ilibidi ushtuke.

Sasa sikiliza nikupeleke jikoni kwa bibi. Vibaba 4 ni pishi 1, hilo kila mtu Pemba analijua. Kwa sababu vibaba 4 na pishi 1 ni kitu kile kile, ukiandika pishi 1 juu na vibaba 4 chini, ile sehemu thamani yake ni moja. Ukiigeuza, vibaba 4 juu na pishi 1 chini, bado ni moja. Na kitu ukikizidisha kwa moja hakibadiliki, umekibadilisha kanzu tu. Mchele haukuongezeka wala haukupungua.

Una vibaba 12, unataka pishi:

vibaba 12 × (pishi 1 / vibaba 4) = pishi 3

Vibaba viko juu, vibaba viko chini, kata kata, inabaki pishi. Ukigeuza ukaweka vibaba 4 juu unapata 48 "vibaba mraba kwa pishi", bibi atakucheka mpaka jirani asikie. Kwa hiyo suali la nizidishe au nigawanye usijiulize tena, maana kila siku unazidisha, unachochagua ni ipi ikae juu na ipi ikae chini. Unayotaka kuifukuza iweke upande wa pili wa ile uliyonayo. Basi.

Twende kwenye lako:

5.3 g × (1 mol / 106 g) = 0.05 mol

cm³ 250 × (1 dm³ / 1000 cm³) = 0.25 dm³

0.05 mol / 0.25 dm³ = 0.2 mol/dm³

Na hapo pia uliteleza, uliacha cm³ 250 vile vile wakati molariti ni moli kwa kila dm³, yaani kila lita. Kile kijistari kilicholala ubavu usikipite kama mkato, kisome kwa mdomo, "moli kwa kila desimeta moja ya ujazo", uzoefu wangu ni kwamba mwanafunzi akikisoma kwa sauti nusu ya makosa inaondoka.

Nimekufikisha kwenye solusheni ya kaboneti. Kwenye asidi malizia mwenyewe halafu uje uniandikie. Sikupi jibu.

fundi_wa_mabomba
Maalim umenikumbusha fedheha yangu ngoja niitoe hapa maana hapa hakuna anayenijua.

Kazi yangu ni maji, matangi, visima, mambo hayo. Kuna msikiti fulani walinipigia niwatilie dawa kwenye tangi lao la lita 2000. Hesabu yake nyepesi, unataka miligramu 2 za klorini kwa kila lita, mara lita 2000, miligramu 4000, yaani gramu 4. Halafu unga wenyewe sio klorini tupu, ule tulokuwa nao ni asilimia 65, kwa hiyo unga gramu 100 ndani yake klorini ni gramu 65:

4 g klorini × (100 g unga / 65 g klorini) = 6.15 g unga

Gramu sita na kidogo. Sasa mie siku ile nna haraka nikamuandikia kijana wangu kwenye karatasi "4". Nne tu. Hamna gramu hamna kitu, hata ile ya asilimia sikuitia. Kijana kasoma nne, kaona kwenye ndoo kijiko kikubwa cha kulia, katia vijiko vinne vimejaa. Kama gramu 60 hivi.

Magharibi watu wamekuja kutawadha, wallahi tangi linanuka kama swimingi puli ya hoteli, wazee macho mekundu, imamu kaniita mbele za watu. Tumemwaga lita elfu mbili zote tukajaza upya kwa pesa yangu. Na kijana sikumlaumu. Nne ya nini? Mie ndo sikusema.

Tangu siku ile hata nikimtuma mtoto dukani naandika kilo.

pweza_wa_nungwi
😂😂 imamu kakuita mbele za watu

Lakini Maalim bado nasema pembetatu inatosha. Mtoto ana mtihani wiki zijazo sio mwaka ujao, hayo ya kuandika yuniti kila mstari yanakula muda.

maalim_mstaafu
Shekhe pweza, pembetatu sikuikataa, kwa hatua moja inafaa. Tatizo lake ni kwamba mwanafunzi akisahau nani anakaa juu hana njia ya kujikagua, amekwisha. Na kuna masuali ambayo pembetatu yake haijachorwa. Nipe ya hili basi: asidi ya salfuriki nzito ya chupani, densiti yake ni 1.84 g/cm³, ni asilimia 98 kwa uzito, na uzito wa moli moja ni gramu 98. Molariti yake ngapi?

Nasubiri.

pweza_wa_nungwi
Hizo 98 mbili mbona umenitega

maalim_mstaafu
Sikukutega, ndo ilivyo asidi yenyewe. Na wanafunzi wengi wanaziona 98 mbili wanachanganya, wengine wanatumia moja wanasema nyengine imeandikwa kwa makosa. Lakini zina yuniti tofauti. Moja ni gramu 98 za asidi safi kwa kila gramu 100 za kilichomo chupani, nyengine ni gramu 98 za asidi safi kwa kila moli. Zipange mstari mmoja:

1000 cm³ × (1.84 g chupani / 1 cm³) × (98 g asidi / 100 g chupani) × (1 mol asidi / 98 g asidi) = 18.4 mol

Na cm³ 1000 ni dm³ 1, kwa hiyo 18.4 mol/dm³. Hakuna fomula niliyokariri hapo. Nimeanza na nilichonacho, nikaangalia nnapotaka kufika, nikawa navuka ngazi moja moja. Na muda ule unaosema unaliwa, unarudi pale usipofanya suali mara tatu kama alivyofanya mwenzetu.

bahari_na_anga
Mada nzuri. Mie si mtu wa kemia ila napenda habari za ndege, na hichi kisa cha 1983 lazima nikitie hapa kwa sababu ni kibadilishio kimoja tu (ile sehemu ya Maalim ya pishi na vibaba) kilichokosewa.

Ndege ya Air Canada, Boeing 767, inatoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi ikabidi wapime matangi kwa vijiti. Wakakuta lita 7,682. Safari inataka kilo 22,300. Kanada wakati ule ndo wanahama kutoka ratili kwenda kilo, na ndege ile ilikuwa ya kilo, lakini namba waliyoizoea kwenye karatasi za mafuta ni 1.77. Wakazidisha 7,682 × 1.77 wakapata 13,597 wakasema haya kilo 13,597 tunazo, tia zilizobaki.

1.77 ni ratili kwa lita, sio kilo kwa lita!! Ya kilo ni kama 0.8. Kwa hiyo wakatia lita elfu tano hazikutimia wakati ilitakiwa lita elfu ishirini. Ndege ikaishiwa mafuta hewani, injini zote mbili zikazimika, rubani akaishusha kama tiara mpaka kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi mahala panaitwa Gimli. Hakufa mtu hata mmoja, Mungu mkubwa.

Mtu angeandika lita 7,682 × 1.77 ratili kwa lita, mwishoni angeona ratili imemkodolea macho.

mchuma_karafuu
Nimerudi. Maalim shukran sana, ile ya kanzu imeniingia, nimemuelezea na mwenzangu darasani na yeye imemuingia. Nimemalizia, tizama:

0.2 mol/dm³ × 0.025 dm³ = 0.005 mol

0.005 mol / 0.020 dm³ = 0.25 mol/dm³

Yuniti zote zimekatika vizuri, imebaki mol kwa dm³ kama inavyotakiwa. Lakini kitabu kinasema 0.5! Sasa hivi kitabu ndo kimekosea au? Maana ulisema yuniti zikikaa sawa basi.

maalim_mstaafu
Sikusema "basi" kwa hilo, nilisema basi kwa vibaba. Lakini hoja yako nzuri. Nangoja nione nani atakujibu kabla yangu.

dada_wa_maabara
Mimi Maalim, naomba nijibu, niko chuo mwaka wa pili na hapo ndo nilipokuwa nafeli mpaka nikatamani kuhamia historia.

Mdogo wangu, kitabu kiko sawa. Tizama mstari wako wa kwanza, 0.005 mol. Moli za nini? Umepima solusheni ya kaboneti kwa hiyo ni moli za sodiamu kaboneti. Mstari wa pili 0.005 mol, za nini tena? Hapo unazigawa kwa ujazo wa asidi, kwa hiyo umezifanya moli za asidi. Zimehama vipi? Umeziandika "mol" tupu kotekote na mol inafanana na mol, zikakatana kimya kimya na hakuna aliyekupigia kelele.

Kwa hiyo yuniti peke yake haitoshi, jina la kitu lazima liende nayo. Unaandika mol Na₂CO₃ na mol HCl kama vitu viwili tofauti kabisa, kama papai na embe, huwezi kukata papai kwa embe. Na ukishafanya hivyo utaona mwenyewe kuna daraja limekosekana katikati, na daraja hilo liko kwenye ikwesheni:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Kaboneti moja inakula asidi mbili. Ile mbili mbele ya HCl sio pambo, ni kibadilishio kama pishi na vibaba:

0.005 mol Na₂CO₃ × (2 mol HCl / 1 mol Na₂CO₃) = 0.01 mol HCl

0.01 mol HCl / 0.020 dm³ = 0.5 mol/dm³

Hapo. Fundi wa mabomba yeye kaandika "g klorini" na "g unga", uliona? Angeandika gramu kwa gramu zingekatika halafu hajui amebaki na nini. Kajifunza kwa machozi ya wazee msikitini lakini kajifunza.

Vitu vyengine viwili vya haraka kwa sababu vitakutokea. Gesi: ukikuta moli za gesi zibadilishe kwa dm³ 22.4 kwa kila moli kama wamesema s.t.p. (selsiasi 0 na kanieneo ya kawaida), na 24 kama wamesema joto la chumba, sio kwamba unachagua unayoipenda. Na joto halibadilishwi kwa kuzidisha, selsiasi kwenda kelvini unaongeza 273, mie niliwahi kutafuta sehemu ya kuizidishia saa nzima sikuipata kwa sababu haipo.

fundi_wa_mabomba
Dada machozi ya wazee umeyaleta tena

mchuma_karafuu
Wallahi nimeona!! Mol tupu. Nimefungua daftari la nyuma nimekuta masuali manne nimekosea kwa kosa hilo hilo moja na yote nilikuwa nasema kitabu kimekosea.

Dada suali dogo, mwenzangu yeye hageuzi cm³ kuwa dm³ kabisa na jibu linakuja 0.5 hivyo hivyo. Anazidisha 0.2 × 25 × 2 anagawa kwa 20. Mbona anapatia?

dada_wa_maabara
Kwa sababu ana cm³ juu na cm³ chini, ile elfu moja ingetokea mara mbili ikajiondoa yenyewe. Anapatia kihalali. Ila mwambie hiyo 0.2 × 25 = 5 asiite moli 5, ni milimoli 5. Akiulizwa katikati ya suali "taja moli" akaandika 5 ameliwa.

maalim_mstaafu
Ahsante mwanangu, umesomesha vizuri kuliko mie. Sasa mchuma karafuu nikupe moja ya kumalizia, sio ya kitabuni. Unajua tanuri za chokaa, mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo yanachomwa. Mawe yale sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Yakiungua yanatoa kaboni dayoksaidi inabaki kalsiamu oksaidi, chokaa hai.

CaCO₃ → CaO + CO₂

Tani moja ya mawe, tuseme ni kalsiamu kaboneti tupu, inatoa chokaa hai kilo ngapi? Na babu yako akikuuliza ni frasila ngapi utamwambiaje? Frasila ni ratili 35, ratili ni kilo 0.4536. Ca 40.

mchuma_karafuu
Nimefanya na majina yote Maalim:

1000 kg CaCO₃ × (1000 g / 1 kg) = 1,000,000 g CaCO₃

1,000,000 g CaCO₃ × (1 mol CaCO₃ / 100 g CaCO₃) × (1 mol CaO / 1 mol CaCO₃) × (56 g CaO / 1 mol CaO) = 560,000 g CaO = 560 kg CaO

560 kg × (ratili 1 / 0.4536 kg) × (frasila 1 / ratili 35) = frasila 35.3

Na kilo 440 zote zimepaa na moshi!

Nimemsomea babu kweli, yeye alikuwa akichoma chokaa zamani. Kanitizama kasema tani moja ya mawe haijawahi kumpa frasila 35 hata siku moja, labda 25 akibahatika, na nani kanidanganya.

maalim_mstaafu
Mwambie babu yuko sawa na wewe uko sawa. Yake yalikuwa na mchanga, na chumvi, na unyevu, na ya chini kabisa hayakuiva vizuri. Muulize alikuwa akitupa mawe mangapi yaliyobaki magumu kila tanuri, halafu njoo na hiyo namba hapa tutafute kibadilishio chake.

pweza_wa_nungwi
Na mie nipeni la kwangu nifanye, pembetatu nshaifuta